Nimelipia Dongo

Kuna pesa ukiitoa unaona ilikokwenda. Ukinunua debe la mahindi, debe unaliona. Ukinunua pikipiki, wewe unaiona, majirani wanaiona, na trafiki anaiona kabla yenu nyote. Mimi nimetoa pesa ya pikipiki mpya, nikapewa kidude kisichozidi kidole gumba changu. Muuzaji akanipa mkono, akaniambia, "Hongera sana mzee." Nikageuka nyuma kutazama kama kuna mzee mwingine anayepongezwa.

Nina kibanda cha darizi Kariakoo. Nembo za shule kwenye masweta, majina ya kampuni za ulinzi kwenye mashati, kofia za kamati za harusi, yote hayo ni kazi yangu. Mashine yangu ina nguvu, lakini haina akili. Lazima iambiwe sindano ipige wapi, uzi mwekundu ukatike wapi, na wa njano uanzie wapi. Anayeiambia ni programu ya kompyuta, ambayo hugeuza mchoro kuwa mishono. Programu hiyo ndiyo niliyoinunua, na kidude ndicho ufunguo wake.

"Programu unaweza kuiweka hata kwenye kompyuta zote za mtaa," muuzaji alinieleza. "Ila itafunguka pale tu kidude hiki kilipochomekwa."

"Na kikipotea?"

"Kisipotee, mzee."

"Nauliza kikipotea."

"Unanunua programu upya." Aliyasema hayo kwa sauti ya chini, kama daktari anayewaita ndugu wa mgonjwa pembeni.

Wazungu wanakiita dongle. Vijana wa Kariakoo hawana muda wa kung'ata ulimi, wanakiita dongo. Hapo ndipo nilipoanza kuumia. Kwetu dongo mtu hutupiwa bure, tena hadharani, kwenye taarabu au kwenye status ya simu, na mtupaji hasemi ni la nani. Mimi huenda ndiye mtu wa kwanza nchini kutupiwa dongo nikapewa na risiti.

Jina lenyewe lina vituko vyake. Mwaka 1992 kampuni ya Marekani iliyokuwa ikitengeneza vidude hivi, Rainbow Technologies, ilitoa tangazo likidai kwamba jina limetokana na mvumbuzi aitwaye Don Gall. Watu wakameza, na wengine hawajatapika mpaka leo. Ilikuwa hadithi ya kutungwa na watu wa matangazo. Yaani kampuni iliyokuwa ikiuza kinga dhidi ya feki, ikatuuzia mvumbuzi feki.

Ugomvi huu wa wauza programu na wanaozinakili bure ni wa zamani, una umri wa kuzaa na kuozesha. Mwaka 1980 huko Uingereza ilitoka programu ya kuandikia iliyoitwa Wordcraft, ya kompyuta za Commodore PET. Ilikuja na kidude cha kuchomeka kwenye tundu la kinasa kaseti. Bila kidude, hakuna kuandika. Mimi wakati huo nilikuwa nachunga mbuzi, sikujua kwamba kuna mtu ng'ambo ameshaanza kunitengenezea mateso.

Jinsi dongo linavyofanya kazi, fundi wangu wa kompyuta alinieleza kwa lugha ya hodi. Programu inakwenda pale kwenye tundu inabisha hodi, ila hodi yenyewe si ya kawaida. Inataja namba, na kila ikibisha inataja namba nyingine. Ndani ya dongo kuna siri ambayo haitoki nje hata siku moja. Dongo linaichukua ile namba, linaichanganya na siri yake, linarudisha jibu. Programu inalipima. Likiwa sahihi, karibu ndani. Ukijitia mjanja ukanasa jibu la jana ukalirudia leo, umekwama, maana swali la leo si la jana.

Nilimsifu aliyebuni, kweli ni akili. Kisha nikagundua kwamba hodi yenyewe si moja. Programu inabisha unapoifungua, inabisha unapohifadhi kazi, na katikati hapo, ukiwa umetulia unapanga mishono, inabisha tena. Mke wangu, ambaye nimemtolea mahari mbele ya wazee, haniulizi nilipo mara nyingi kiasi hicho.

Nikinung'unika sana, hujikumbusha nilikotoka. Katikati ya miaka ya 1990 nilikuwa kijana wa kutumwa kwenye ofisi moja ya kuchora ramani za majengo. Wakati ule madongo yalikaa kwenye tundu la printa, lile pana lenye pini 25. Kila programu ilikuja na dongo lake, kwa hiyo dongo la kwanza lilichomekwa kwenye kompyuta, la pili kwenye mgongo wa la kwanza, la tatu kwenye mgongo wa la pili, na mkiani kabisa ndipo ukafuata waya wa printa. Ilikuwa treni ya Kigoma. Meza haikuweza kusogea ukutani kwa sababu ya mabehewa. Mama wa usafi akipitisha ufagio akagusa behewa la mwisho, wachoraji watatu walisimama kwa mpigo wakitukana, kila mmoja kwa kabila lake.

Miaka ya 1980 hata Autodesk, wenye AutoCAD, waliwahi kuifungia programu yao kwa kufuli la aina hii. Wateja wa Marekani wakapiga kelele, kampuni ikawaondolea. Sisi wa nje tukabaki na letu. Nadhani hatukupiga kelele kwa Kiingereza cha kutosha.

Basi ilipokuja USB mwaka 1996, na madongo nayo yakahamia huko, nilishukuru. Treni imekwisha, nikajisemea, sasa ni kijidude kimoja tu chenye taa nyekundu. Balaa lake sikuliona: tangu siku hiyo dongo likawa linafanana na flashi kama pacha.

Januari iliyopita, wiki ya kufungua shule. Wenye biashara yangu wanaijua wiki hiyo. Wazazi wanapanga foleni tangu saa moja asubuhi, kila mmoja anakwambia mwanawe hataingia getini bila nembo, kana kwamba nimemzaa mimi. Jumatatu hiyo nimewasha kompyuta, nimefungua programu, ikaniandikia: ufunguo haupatikani. Nikainama kutazama. Tundu liko wazi kama pengo la bibi.

Nikamwita mpwa wangu, aliyekuja likizo kunisaidia kukata nyuzi.

"Ile nyekundu iliyokuwa hapa iko wapi?"

"Ile flashi, mjomba? Nilimwazima kaka wa bajaji akaweke singeli."

Nikakaa chini.

"Lakini mjomba," akaendelea kunifariji, "flashi yako mbovu. Kila spika inaikataa."

"Sasa iko wapi?"

"Kwa kuwa ni mbovu, hakuirudisha."

Nikampigia muuzaji. Akanisikiliza kwa upole wote, kisha akanieleza hatua. Kwanza barua ya polisi ya kupotelewa na mali. Pili namba iliyoandikwa kwenye mgongo wa dongo. Nikamwuliza namba iliyo kwenye mgongo wa kitu kilichopotea nitaisomaje. Akasema wateja wengi huinakili kabla. Tatu, malipo. Yote? Yote, mzee, maana leseni haiko kwenye programu, iko kwenye dongo, ukilipoteza umepoteza leseni yenyewe. Akamalizia kwa kuniambia kwamba lingekuwa jambo la busara kama ningelikatia bima. Bima! Mimi mwenyewe sina bima, halafu nikakatie dongo.

Kituoni nilimkuta askari kijana, mpole, kalamu mkononi.

"Umepotelewa na nini, mzee?"

"Dongo, afande."

Akanitazama usoni, akatazama viatu vyangu. Usiku mvua ilikuwa imenyesha.

"Dongo la nini?"

"La kompyuta."

"Aa, flashi."

"Si flashi, afande. Hili haliwekwi kitu."

"Kama haliwekwi kitu, umepoteza nini?"

Sikuwa na jibu, na nimelitafuta mpaka leo. Nikamwambia aandike hivyo hivyo. Akafika kwenye thamani, nikamtajia. Kalamu ikasimama.

"Mzee wangu," akasema taratibu, "una hakika hujaibiwa pikipiki?"

Nikarudi kibandani na karatasi yangu yenye mhuri, nikawakuta wazazi wameongezeka. Kinachouma si foleni. Kinachouma ni ile sauti iliyokuwa ikitoka kibanda cha kulia, tatatatata, mashine ya jirani yangu inapiga nembo bila kupumua. Jirani ana programu ile ile, toleo lile lile. Dongo hana. Hajawahi kulitia machoni. Ya kwake imekrekiwa.

Fundi aliniambia wanaokreki wana njia zao, na kubwa ni mbili. Ya kwanza ni kutengeneza kivuli cha dongo: programu ndogo inayokaa ndani ya kompyuta na kuigiza majibu ya dongo la kweli. Hiyo ni kazi, maana lazima siri ipatikane. Ya pili ndiyo iliyonikatisha tamaa. Hawahangaiki na dongo kabisa. Wanaingia ndani ya programu, wanapatafuta pale inapobisha hodi, wanapafuta. Kwa nini uchonge ufunguo wakati unaweza kumziba bawabu mdomo? Kwa hiyo programu ya jirani haiulizi. Haibishi asubuhi, haibishi mchana, haimkatizi katikati ya kazi. Hata kufunguka inafunguka upesi kuliko yangu, kwa sababu haina mtu wa kumsubiri mlangoni.

Tafakari hilo, ndugu msomaji. Aliyelipa anaulizwa kitambulisho kila baada ya dakika chache, na ambaye hakulipa anapita akipiga mluzi. Kufuli hili lilitengenezwa kumzuia mwizi, na katika mtaa mzima wa Kariakoo mtu pekee ambaye limewahi kumzuia ni mimi.

Jirani akachungulia dirishani, akaniona nimeshika tama. Ana roho nzuri, hilo siwezi kumnyima. "Kaka, lete flashi nikutilie. Dakika tano tu."

Ningependa kuwaambieni kwamba nilikataa kwa sababu ya maadili. Nilikataa kwa sababu nilimwuliza inawekwaje, akanijibu: kwanza unazima antivairasi. Hapo nikasita. Mgeni anayekuomba umfunge mbwa kabla hajaingia usiku, huyo hata kama ana zawadi mkononi, mwambie aje asubuhi.

Siku ya tatu mpwa wangu akaniambia ameiona bajaji. Tulikwenda kijiweni kwa mguu. Dongo lilikuwa limening'inia kwenye kioo cha mbele, limefungwa kwa uzi, katikati ya kiatu kidogo cha mtoto na kadi ya kunukia. Leseni yangu, thamani ya pikipiki nzima, inamfanyia urembo mwenye magurudumu matatu.

"Flashi hii nzee," akaniambia dereva, "lakini rangi yake nzuri, nikasema isitupwe."

Nikamwomba. Akasema hana neno, ila amelitunza siku tatu. Nikampa elfu kumi ya utunzaji. Nilipolichomeka, ile taa nyekundu ikawaka kama ncha ya sigara gizani, programu ikabisha hodi, dongo likaitika karibu, na mimi mtu mzima mwenye mvi nikalengwa na machozi.

Ningekomea hapo mngenihurumia, nami ningependa sana kuhurumiwa. Lakini wiki iyo hiyo lilitokea jambo.

Kuna shule moja ambayo nembo yake ni twiga anayesoma kitabu. Twiga yule nilimpanga mimi, usiku wa siku mbili. Shingo ya twiga si mchezo: mishono ikielekea upande mmoja, sweta likivutika kidogo, anakuwa ngamia. Nilimpanga, nikamfuta, nikampanga tena. Alhamisi napita mbele ya kibanda cha jirani, naona twiga amening'inia. Nikasogea. Ukwato wa mguu wa nyuma haupo. Na twiga wangu hana ukwato wa mguu wa nyuma, kwa sababu usiku wa pili nilisinzia nikauruka, na wazazi hawajawahi kuhesabu.

Kumbe kijana wangu wa kibandani alimtumia jirani faili kwa WhatsApp "ajaribu kidogo".

Nilipiga kelele ambazo nadhani zilisikika Gerezani. Usiku wa siku mbili! Macho yangu! Mgongo wangu! Jirani akanisikiliza, akafuta mikono, akasema kwa upole ule ule: "Kaka, mbona twiga wako bado unaye? Faili liko kwako pale pale. Mimi nimechukua nini?"

Nikamwambia kuna sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta na inalinda michoro, na twiga yumo.

"Na tamthilia za Kituruki zimo?" akauliza.

Nikanyamaza.

"Maana zile unazoingiziwa kwenye flashi pale kona, zimetafsiriwa kabisa, hivi unamlipa mwenyewe Mturuki?"

Nilirudi kibandani kwangu nikafunga nusu ya mlango. Nikakumbuka kwamba Februari 1976 Bill Gates, kijana wa miaka 20, aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta, akiwalalamikia kwamba wengi wao wanaitumia programu yake bila kuilipia, na kuwauliza nani atakubali kufanya kazi ya bure. Niliposimuliwa habari hiyo zamani nilicheka: tajiri naye analia. Alhamisi ile sikucheka. Naye wakati ule hakuwa tajiri, alikuwa kijana aliyekesha. Mimi ni mzee niliyekesha. Tofauti yetu ni twiga.

Usiku huo nilimwuliza fundi, kwa sauti ya chini, kama kuna uwezekano twiga naye akawekewa dongo. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema linawezekana, ila mashine ya mteja itabidi nayo iwe na ufunguo, na kila mzazi... nikamwambia basi, yaishe. Nimeelewa. Anayetengeneza kitu cha kunakilika hana raha: akikiacha wazi analia yeye, akikifunga analia mteja wake. Aliyeko katikati, yule wa bure, ndiye anayelala usingizi. Kwa hiyo kampuni sijaisamehe, lakini nimepunguza matusi.

Ukwato nimeuacha hivyo hivyo. Ndiyo dongo langu. Nikimwona twiga mwenye kwato tatu popote mjini, najua alikozaliwa.

Lile la kampuni nalo nimelitafutia dawa, ya kienyeji. Nilikwenda kwa seremala, akanikatia kipande cha mninga chenye urefu wa futi moja, akakitoboa, akakifungia dongo kwa mnyororo. Mnaujua ufunguo wa choo cha gesti, ule wanaoufunga kwenye gogo ili mgeni asiondoke nao mfukoni? Ndio huo. Dongo likichomekwa, ubao unaning'inia ubavuni mwa meza. Hakuna kijana atakayesema ni flashi, na hakuna bajaji itakayoutundika kwenye kioo. Wahandisi wa Ulaya wameweka siri ndani ya siri, mimi nimeongeza ubao, na wiki mbili nzima nililala kama aliyekreki.

Jana mchana, nimo katikati ya nembo, sauti ikakatika. Natazama kioo: ufunguo haupatikani. Natazama tundu: pengo la bibi. Ubao haupo. Nikaruka, nikamshika mpwa wangu shati, akaapa kwa mama yake. Nikatoka nje mbio, nikatazama kijiwe cha bajaji. Nikatazama kwa jirani. Anashona, tatatatata, akanipungia mkono.

Nikarudi ndani. Kutoka ule ujia wa nyuma unaokwenda vyooni akaja bibi mmoja, mteja wangu, aliyeleta sweta la mjukuu. Anatembea haraka haraka kwa hatua fupi, jasho linamtoka, ubao ameukumbatia kifuani.

"Shikamoo bibi," nikasema, maana nilikosa la kusema.

"Marahaba, mwanangu. Ufunguo wenu huu mbovu," akanikabidhi. "Hauingii. Nimeujaribu huku na huku, pande zote mbili."